Oili Haitoki Pale Unapoiona: Historia ya Beetle Kupitia Doa Moja

Kila mtu aliye na gari ya zamani hapa Nairobi ameshaambiwa hivi na fundi: "Hizi za kitambo huvuja tu, kijana, zoea." Na kama gari yenyewe ni Volkswagen Beetle, utani unaongezwa: siku itaacha kuvuja, jua oili imeisha. Watu wanacheka, fundi anapangusa mikono, na wewe unarudi home na kipande cha katoni cha kuweka chini ya injini ili mwenye ploti asikupigie kelele.

Mimi hayo maneno nimeyakataa. Kila mahali Beetle huvuja oili pana sababu, na sababu hiyo ina mwaka wake na watu wake. Kuna mtu aliketi mezani Ujerumani miaka ya 1930 akaamua kitu fulani ili gari iwe rahisi, na uamuzi wake ndio unadondoka kwa parking yako leo asubuhi. Ukiijua historia ya hiyo injini, unajua pa kuangalia. Usipoijua, utapaka silikoni kila mahali na bado utaamka ukute doa.

Wasee hupenda kuniuliza: wewe uliacha chuo, historia unatufunza kama nani? Sawa. Leo tuwache vitabu vya chuo kando, tusome doa la oili.

Gari ya wananchi ambayo wananchi hawakuipata

Mwaka wa 1934, serikali ya Hitler ikisukuma kutoka nyuma, Ferdinand Porsche alipewa kazi ya kuunda gari ambayo Mjerumani wa kawaida angeweza kununua. Masharti yalikuwa magumu. Ibebe familia, ishike kilomita 100 kwa saa bila kuchoka, isinywe petroli sana, na bei isipite Reichsmark 1,000. Tena injini ipozwe na upepo, sio maji, juu watu wengi hawakuwa na gereji na usiku wa baridi kule maji yangeganda kwa radieta.

Hapo ndipo story ya oili inaanza. Injini isiyo na maji inatoa joto kwa njia mbili: upepo wa feni, na oili inayozunguka ndani. Beetle inabeba lita 2.5 za oili, basi. Na kwa miongo mingi haikuwa na filta ya kubadilisha kama ya Vitz yako, ilikuwa na wavu wa chuma tu pale chini. Kwa hivyo gari zingine zikipoteza oili zimepoteza kilainishi. Beetle ikipoteza oili ni kama imepoteza kilainishi na maji ya radieta kwa pamoja. Ile "huvuja tu, zoea" ni ushauri wa kuua injini polepole.

Lakini ngoja, kabla ya spana tumalize watu. Gari hiyo iliitwa KdF-Wagen. Wajerumani waliambiwa wanunue stempu za Reichsmark 5 kila wiki, wabandike kwa kitabu, na wakifikisha 990 wapewe gari. Watu kama 336,000 walijiunga. Fikiria chama yenye watu 336,000, na mweka hazina ni serikali yenye haja ya vita. Vita ikaanza 1939, kiwanda kikageuzwa cha kutengeneza vitu vya jeshi, na hakuna hata mmoja wao aliyepata gari kwa hizo stempu. Badala yake, kiwandani waliletwa watu wa kufanyishwa kazi kwa lazima, takriban 20,000 kwa jumla: wafungwa wa vita, raia waliobebwa kutoka nchi zilizovamiwa, wafungwa wa kambi za mateso. Wale wa stempu walienda kortini baada ya vita. Mambo yao yaliisha 1961, wakapewa punguzo la hadi mark 600 wakinunua Beetle mpya, ama mark 100 mkononi.

Na hata jina la Porsche, ukiliangalia vizuri, ni doa la chini. Panda juu kidogo utamkuta Josef Ganz, mhandisi Myahudi aliyekuwa mhariri wa gazeti la Motor-Kritik, akipigia debe gari ndogo, nyepesi, ya bei ya chini, kabla Porsche hajapewa hiyo kazi. Gestapo walimkamata 1933. Alitoroka Ujerumani, akafia Australia mwaka wa 1967, ikiwa Beetle zimejaa kila barabara duniani na jina lake halitajwi. Kisha kuna Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra kule Czechoslovakia, aliyekuwa tayari anaunda gari zenye injini ya nyuma inayopozwa na upepo. Tatra walilalamika kwamba vitu vyao vimechukuliwa. Ujerumani ikavamia Czechoslovakia, malalamiko yakazimika. Miaka ya 1960 Volkswagen ililipa Tatra kumaliza hayo maneno.

Sijasema Porsche hakufanya kazi. Nasema tu kwamba jina linalodondoka mbele yako huwa limesafiri kutoka mahali pengine. Shika hiyo, tutaihitaji tukiingia chini ya gari.

Ilivyofika kwetu

Vita ilipoisha, kiwanda kilikuwa kwenye eneo la Waingereza. Agosti 1945 jeshi lao lilimleta afisa anaitwa Ivan Hirst akiangalie. Alikuta jengo lililopigwa mabomu na mashine ambazo bado zinaweza kufanya kazi. Waingereza walikuwa na shida ya usafiri, kwa hivyo waliagiza gari 20,000. Hiyo oda ndiyo iliyookoa Beetle. Gari iliyoanzishwa na Hitler ikafufuliwa na waliompiga. Baadaye ikaanza kuuzwa nje.

Mwaka wa 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, mashindano ya magari yalianzishwa hapa kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndio Safari Rally yetu hiyo, wakati huo ikiitwa Coronation Safari. Aliyemaliza na pointi chache zaidi za adhabu alikuwa Alan Dix, ndani ya Volkswagen. Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston na D.P. Marwaha, Volkswagen tena. 1957 tena. 1962 tena, Tommy Fjastad kwa usukani. Halafu 1963 Peugeot 404 ikaingia na story ikabadilika.

Kwa nini kagari kadogo hivyo kalisumbua kwa matope yetu? Ni vile vile ilivyoundwa. Hakuna radieta ya kutobolewa na jiwe. Uzito wa injini uko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hivyo inashika pale gari zingine zinachimba shimo. Chini ni bapa, inateleza juu ya matope. Wazee wetu waliona hiyo kwa macho. Ndio maana ukienda ushago bado utapata Beetle chini ya mti nyumbani kwa mwalimu mstaafu.

Februari 17, 1972, Beetle nambari 15,007,034 ilitoka kiwandani, ikavunja rekodi ya Ford Model T. Ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, Julai 30, 2003, ikiwa ya 21,529,464. Injini iliyochorwa kabla guka wengi hawajaoa ilikuwa bado inaundwa wakati baadhi yetu tunazaliwa. Na hiyo ndio point: gari ikikaa sokoni miaka 60 na msingi wake ule ule, inabeba majibu ya miaka ya 1930 hadi kwa karne nyingine.

Ramani ya kuvuja

Sasa tulale chini. Haya ndio maeneo ya kuangalia, na kila moja lina historia yake.

La kwanza ni mirija ya fito za valvu. Injini ya Beetle imelala: silinda mbili kulia, mbili kushoto. Fito zinazosukuma valvu zinapita nje ya bodi ya injini, ndani ya mirija minane myembamba ya bati iliyo chini ya silinda. Oili ya kutoka kwa hedi inarudi kwa hiyo mirija. Kila mrija una rabari mbili, moja kila mwisho. Piga hesabu: rabari 16, zote zimekaa karibu na ekzosi, zote zinaokwa kila siku. Zikishakauka zinakuwa ngumu kama kucha. Oili inadondokea ekzosi, na kwa sababu hita ya Beetle inachukua joto lake kutoka kwa ekzosi, ukiwasha hita Julai kule Limuru utasikia harufu ya oili imeungua ndani ya gari. Hiyo harufu ni ripoti, wacha kununua manukato ya kuning'iniza.

La pili ni sili ya flaiwili, kati ya injini na giaboksi. Hapa historia ni tamu. Kwa muda mrefu watu walizuia oili kwenye kitu kinachozunguka kwa kutumia kamba, fulana ya sufi, ama ngozi. Ndiyo, ngozi ya ng'ombe. Kule Weinheim, Ujerumani, kulikuwa na kiwanda cha ngozi cha Freudenberg, na biashara ya ngozi ilipokuwa ngumu mwisho wa miaka ya 1920 walianza kutengeneza sili za ngozi za magari. Mhandisi wao Walther Simmer aliiboresha, na 1936 wakaacha ngozi wakaingia mpira: pete yenye mdomo laini unaobanwa na springi nyembamba. Mpaka leo Wajerumani huita hiyo pete kwa jina la Simmer. Sili ya flaiwili ya Beetle ni mjukuu wa hiyo pete. Ikizeeka, oili inashuka pale injini inapokutana na giaboksi na klachi inaanza kuteleza.

La tatu ni puli, ule upande wa mkanda wa feni. Hapa utashangaa: hakuna sili kabisa. Walichofanya ni kuchonga mfereji wa mzunguko kwa shingo ya puli, kama nyuzi za skrubu, uelekee upande ambao puli ikizunguka inairudisha oili ndani. Nyuma yake kuna sahani ya bati ya kutupa oili kando. Ni akili ya miaka ambayo sili nzuri zilikuwa ghali, na inafanya kazi poa kabisa kwa sharti moja: ndani ya injini kusiwe na presha. Kumbuka hilo sharti.

La nne ni kipoza oili, kile kijiradieta kidogo cha oili kilichosimama kushoto ndani ya boksi la feni, juu ya rabari mbili. Rabari zikiisha, oili inamwagika na upepo wa feni unaitapanya upande wote wa kushoto, unadhani injini nzima imetoboka.

Zilizobaki ni ndogo. Vifuniko vya valvu vina gasketi ya ganda la mti, lile lile la vizibo vya chupa za waini, likikauka linakatika. Ile sahani ya chini yenye wavu inashikwa na nati sita ndogo, na watu huzikaza kama za gurudumu hadi zinakula nyuzi. Na bodi ya injini yenyewe ni nusu mbili zilizofungwa pamoja bila gasketi katikati, ni kibandiko chembamba tu.

Injini pia hupumua

Sharti la presha, turudi hapo.

Pistoni ikisukumwa na moto, gesi kidogo hupita kando ya ringi na kuingia upande wa chini, penye oili. Kwa injini mpya ni kidogo, kwa injini iliyochoka ni nyingi. Hiyo gesi lazima itoke. Gari za kitambo zilikuwa na bomba tu la kuitoa nje, chini kwa barabara. Moshi, mvuke wa oili, kila kitu kinaachiwa wewe unayetembea kwa miguu.

Mtu aliyebadilisha hiyo hakuwa fundi. Los Angeles miaka ya 1940 ilikuwa na moshi wa kuchoma macho, na mwanakemia Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech alionyesha kwamba unatokana na gesi za magari na viwanda zikipigwa na jua. Ikaonekana kwamba sehemu ya uchafu wa gari haitoki kwa ekzosi, inatoka kwa hilo bomba la kupumulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ikaanza kulazimisha magari mapya yarudishe hizo gesi kwa injini zichomwe. Kwa Beetle, ni ule mpira unaotoka kwa shingo la kujazia oili hadi kwa kichungio cha hewa.

Sasa ukiziba hiyo pumzi, gesi haina pa kwenda. Inatafuta mlango. Inasukuma oili kupitia puli isiyo na sili, kupitia rabari zilizochoka, kupitia kila gasketi. Utaona inavuja mahali saba, na kumbe ugonjwa ni mmoja.

Beetle ya guka

Hii sio theory. Guka wangu aliacha Beetle 1300 ya 1968. Alipoaga ilikaa miaka, kisha anko akaanza kuitumia, na doa likawa dimbwi. Gereji moja iliipaka silikoni nyeusi kwa puli, kwa sahani ya chini, kwa vifuniko vya valvu. Wiki mbili ikawa sawa, halafu ikaanza kutokea kwingine. Wakaziba huko. Ikatokea kwingine. Mwishowe wakasema injini imekwisha, tafuteni nyingine. Anko akapata mtu wa skrapu wa kununua kwa kilo. Shosho hakusema kitu, lakini logbuku ilikuwa ndani ya Biblia yake na haikuwa inatoka.

Tulimwita mzee mmoja wa jua kali ambaye ameshika Volkswagen tangu akiwa kijana. Alifika, akaangalia lile dimbwi, akauliza kitu kimoja: "Imeoshwa lini?" Hajaosha mtu. Akasema basi hakuna anayejua inavuja wapi.

Na hiyo ndio hatua ya kwanza ambayo karibu kila mtu huruka. Oili inashuka chini na upepo unaisukuma nyuma. Unachoona chini ni mwisho wa safari. Kwa hivyo unaosha. Injini ikiwa baridi, tulifunika kabureta na distributa na plastiki, tukasugua na mafuta taa na brashi, tukaosha na sabuni, tukaacha ikauke kabisa. Hakuna mtu kuwasha sigara hapo. Kisha mzee akatoa poda ya mtoto, ile ya kawaida, akarushia injini yote mpaka ikakaa kama mandazi yenye sukari. Poda hunywa oili na kubadilika rangi, kwa hivyo njia ya oili inajichora yenyewe. Tukaendesha kilomita kama 10, tukarudi, tukaweka gari juu ya stendi imara, sio jeki peke yake, tukaingia na tochi.

Sheria ya pili: anzia juu. Mahali pa juu zaidi penye unyevu ndipo karibu na ukweli. Tulikuta unyevu mpya kwa puli, kwa mirija miwili ya kushoto, na kwa kifuniko cha kujazia oili. Mahali patatu kwa kilomita 10. Mzee akasema vitu vitatu haviwezi kuharibika kwa siku moja bila kuwa vimepangiwa. Hakushika spana. Alifuata ule mpira wa pumzi na kidole.

Ulikuwa umechomolewa kutoka kwa kichungio cha hewa, na mwisho wake umezibwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa waya. Kile kimrija kidogo cha chini kilikuwa kimejaa tope jeusi la miaka. Inaonekana mtu alichoka na mvuke wa oili kuchafua kichungio, akaamua kuuzima. Aliziba doa moja akafungua saba. Na kila aliyekuja baadaye na silikoni alikuwa anapigana na kazi ya huyo mtu bila kujua.

Tukatoa kizibo, tukasafisha kimrija, tukarudisha mpira mahali pake. Tukaosha, tukapaka poda, tukaendesha tena. Puli: kavu. Kifuniko: kikavu. Injini ambayo ilikuwa inaenda kupimwa kwa kilo ilikuwa imepona nusu bila kununua hata nati.

Nusu iliyobaki

Presha ikikaa miaka huacha majeraha. Mirija miwili bado ilikuwa inalia, na kulikuwa na tone kati ya injini na giaboksi. Hilo la mwisho usikimbilie kuhukumu, juu giaboksi pia ina sili hapo. Mzee alichukua tone kwa kidole, akanusa, akaninusisha. Oili ya giaboksi hunuka kama yai lililooza, sababu ya salfa. Hii haikunuka hivyo. Ni ya injini, basi ni sili ya flaiwili.

Spea tulinunua Kirinyaga Road. Kwa wale hawajui, hiyo barabara zamani iliitwa Grogan Road, na watu bado husema "naenda Grogan". Ewart Grogan ni yule mlowezi ambaye 1907 alichapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya korti hapa Nairobi. Jina la barabara lilibadilishwa, mdomoni limebaki. Haya, twende. Rabari zote 16 zilikuwa bei ya lanchi ya watu wawili kwa kibanda. Sili ya flaiwili haikuwa mbali.

Injini ya Beetle inashikwa na bolti nne tu kwa giaboksi. Ukitoa waya, bomba la petroli na mabomba ya hita, inashuka kwa jeki na kurudi nyuma. Ni kama kilo 100, kwa hivyo kuweni wawili na msifanye ushujaa.

Kwa mirija, hedi lazima zitoke. Ncha za mirija zina mikunjo kama akordioni, na zikikaa miaka zinabanwa zikawa fupi. Ukirudisha mrija mfupi na rabari mpya, itavuja siku hiyo hiyo. Kwa hii injini unaivuta polepole hadi ifike milimita 190 ama 191 ndio ifinywe vizuri ikifungwa. Ule mshono wa bati unaelekea juu, ili ukipasuka usiwe pale oili imetuama. Kama umeng'oa hedi, badilisha rabari zote 16, hata zile kavu. Kazi ndiyo ghali, sio rabari.

Kwa flaiwili, kuna nati moja kubwa katikati, ya milimita 36, inayokazwa kwa nguvu ya kama Nm 300. Hiyo ni mtu wa kilo 60 kusimama mwisho wa bomba la nusu mita. Ukitoa sili ya zamani, angalia shingo ya flaiwili kwa kidole. Ikiwa sili imechimba mfereji, sili mpya haitashika. Halafu pima kitu ambacho gereji nyingi hazipimi: kranki inacheza mbele na nyuma kiasi gani. Inafaa icheze kati ya milimita 0.07 na 0.13, na inarekebishwa kwa pete tatu nyembamba nyuma ya sili. Ikicheza zaidi, itakula sili yoyote utakayoweka, hata ya dhahabu. Yetu ilikuwa imezidi. Mzee alibadilisha pete moja, akapima tena, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sili ikaingia sawa pande zote, mdomo wake umepakwa oili kidogo.

Silikoni ya zamani tuliikwangua yote. Kwa nini? Kwa sababu inayobanwa nje unaiona, lakini inayobanwa ndani inakatika vipande, inaenda kwa wavu wa oili, na pampu inaanza kunyonya hewa. Dawa ya kuvuja inaweza kuua injini kuliko kuvuja kwenyewe. Oili chafu tuliweka kwa mtungi tukapatia mtu anayeikusanya. Usimwage kwa mtaro, mtaro unaenda mtoni.

Skrapu walipiga simu wiki iliyofuata. Anko aliwaambia gari imeenda kanisani na shosho.

Sasa, opinion yangu

Sisi kizazi chetu tumezoea mambo mawili. La kwanza, kitu kikiwa na shida, tupa, nunua kingine. La pili, kitu kikiwa cha zamani, shida zake ni za kawaida, zoea. Yote mawili ni uvivu wa kuuliza "tangu lini, na nani aligusa hapa mwisho?" Hilo ndilo swali la mzee, na ndilo swali la historia yote niliyowahi kupenda. Ukiuliza hivyo kuhusu Beetle unapata Josef Ganz, unapata watu 336,000 na vitabu vyao vya stempu, unapata watu waliofanyishwa kazi bila hiari yao. Ukikosa kuuliza unapata gari ya kupendeza kwa picha ya harusi na doa chini yake.

Beetle kavu inawezekana. Kama huko kwenu kuna moja chini ya mti na watu wameanza kuongea mambo ya kilo, kabla hamjaita mtu wa skrapu fanyeni vitu vitatu ambavyo karibu havina gharama: oshaneni nayo, ipakeni poda, na mwangalie mpira wa pumzi. Halafu mtafute mzee aliyeishika tangu zamani, mkae chini mumsikilize, na mumlipe vizuri. Hao wazee wanapungua haraka kuliko gari.

Next tunaingia Peugeot 504. Mwenye nayo aanze kutafuta poda.